Dawa za kemo zinazotokana na mimea, kweli hazina madhara kwa nesi anayezishika?

nesi_wa_zamu

Habari zenu wadau, hasa manesi na watu wa famasia, naomba mnisaidie maana hapa nilipo nimebaki njia panda.

Nimehamishiwa wodi ya kansa juzi juzi tu, kabla ya hapo nilikuwa wodi ya upasuaji na huko kemo nilikuwa naisikia kwa jina. Huku tunatundika sana vinkristini, paklitakseli, dositakseli, halafu etoposidi ambayo ipo ya dripu na ya kapsuli. Dawa zinachanganywa famasia zinakuja zikiwa tayari kwenye mfuko, mimi kazi yangu ni kuunganisha, kukaa na mgonjwa, kutoa ikiisha na kutupa, na kama mgonjwa hana nguvu ya kwenda chooni basi namwaga mkojo na kubadili mashuka.

Sasa kuna mwenzangu ambaye amekaa hii wodi muda mrefu, yeye anavaa glavu pea moja zile za kawaida za kufanyia vidonda, gauni havai, miwani ndo usiseme. Nilipomuuliza akacheka akaniambia hizi dawa zinatokana na mimea, za kuogopa ni zile za kiwandani tupu kama siklofosfamidi. Akaniambia hata vinkristini ni yale maua ya pinki na meupe ambayo watu wanapanda nje ya nyumba zao, watoto wanayachuma kila siku na hakuna aliyedhurika.

Kwa haraka inaingia akilini, ila moyo haujatulia, kwa sababu mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Anayejua kwa uhakika anijibu, sitaki vitisho na sitaki kufarijiwa pia.

---

kabati_la_famasia

Dada, mwenzako kakupotosha, tena katika jambo ambalo yeye mwenyewe linamgusa kila akiingia zamu. Mimi ndo wale tunaochanganya, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo unisamehe.

Kwanza hilo la mimea. Ni kweli, vinkristini na vinblastini zinatoka kwenye Catharanthus roseus, mmea wenye asili ya Madagaska. Paklitakseli ilitolewa kwenye gome la mti wa Taxus wa magharibi ya Marekani, na dositakseli inatengenezwa kuanzia majani ya ndugu yake wa Ulaya. Etoposidi inatengenezwa kutoka kwenye sumu ya mizizi ya Podophyllum, irinotekani na topotekani asili yake ni mti wa China unaoitwa Camptotheca. Zote ni mimea, hakuna anayebisha. Ila jiulize huo mmea ulikuwa unafanyia nini hiyo kitu. Inaukinga mmea usiliwe! Mti wa Taxus ng'ombe na farasi wakila majani yake wanakufa, na hapo hakuna mtu aliyeyapeleka kiwandani.

Na hesabu ya yale maua haiko upande wa mwenzako. Kupata gramu 1 ya vinkristini inahitajika kama nusu tani ya majani makavu. Dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida haizidishwi miligramu 2, kwahiyo kile kimfuko kidogo unachotundika wewe kimebeba kama kilo nzima ya majani makavu, yamekamuliwa yakabaki kitu kisichojaa hata kwenye ncha ya kucha. Mtoto anayechuma ua hashiki hiyo. (Na hayo maua yenyewe si ya kutafuna, mmea una sumu, basi tu watu hawana habari.)

Pili, zinafanyaje kazi. Seli ikitaka kugawanyika inatengeneza vijiuzi vya kuvutia kromosomu huku na huku. Vinkristini na wenzake wanazuia hivyo vijiuzi visijengeke. Paklitakseli na dositakseli wanafanya kinyume, wanavikaza visiachie. Mwisho wa yote ni uleule, seli inakwama katikati ya kugawanyika na inakufa, au mbaya zaidi haifi, inagawanyika ikiwa na hesabu mbovu ya kromosomu. Etoposidi na irinotekani zenyewe zinashika vimeng'enya vinavyofungua na kufunga DNA, DNA inakatika. Hizi dawa hazina macho ya kujua hii ni seli ya uvimbe na hii ni ya uboho au ya mimba changa au ya korodani. Kila kinachogawanyika haraka kinaguswa.

Na hilo la siklofosfamidi kuwa ndo ya kuogopa peke yake, mwambie shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka etoposidi kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Siklofosfamidi ipo kundi hilohilo. Wagonjwa waliotibiwa kwa etoposidi wakapona kansa moja, wachache wao walirudi na leukemia (kansa ya damu) iliyoletwa na dawa yenyewe. Vinkristini ipo kundi la 3, na hapo watu wengi wanasoma vibaya wanadhani 3 maana yake salama, hapana, maana yake ushahidi wa kuiweka upande wowote hautoshi.

Nitarudi nieleze kwenye kazi yako hatari ipo wapi hasa, naitwa.

---

mzee_wa_hoja

jamani mbona mnatisha watu. mgonjwa anaingiziwa mfuko mzima kwenye mshipa na anarudi nyumbani kwake anaishi, wewe umeguswa na tone juu ya glavu unataka kufa. manesi wa zamani walichanganya hizi dawa mezani pale wodini bila kabati la kuvuta hewa bila nini na wapo wamestaafu wanalea wajukuu. nyie wa sasa mnapenda vifaa tu

---

sista_mkongwe

Mzee wa hoja, mimi ni mmoja wa hao manesi wa zamani unaowasema na wajukuu ninao kweli, lakini usinifanye mimi ndo ushahidi. Waliobaki salama ndo unaowaona. Aliyeharibikiwa mimba mara mbili mfululizo miaka ile alikwenda kulia kwao, hakuna aliyeandika popote kwamba alikuwa anachanganya kemo.

Mgonjwa na mhudumu huwezi kuwapima kwa mizani moja. Mgonjwa ana ugonjwa utakaomuua, anakubali kunyonyoka nywele, kufa ganzi vidole na kuhatarisha uzazi wake kwa sababu anapata kitu, na anapata kwa awamu kadhaa halafu basi. Wewe hupati faida yoyote, na unaguswa kidogo kidogo leo, kesho, mwakani, mpaka ustaafu. Tena mgonjwa anachanganyiwa dawa moja mbili, wewe unashika za wodi nzima.

Na haya mambo hayakuanza jana. Mwaka 1979 watafiti wa Ufini walipima mikojo ya manesi waliokuwa wanashika dawa za kansa, wakakuta ina vitu vinavyobadilisha vinasaba kuliko ya watu wasiozishika. Mwaka 1985 hukohuko Ufini ukatoka utafiti mwingine juu ya manesi na mimba kuharibika, wakaona walioshika hizi dawa katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito walipoteza mimba zaidi ya wenzao. Ndo maana makabati na magauni yakaletwa. Mwaka 2004 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ikatoa onyo kwa hospitali kwamba kufanya kazi na hizi dawa au hata karibu nazo kunaweza kuleta vipele vya ngozi, ugumba, mimba kuharibika, watoto kuzaliwa na kasoro, na pengine leukemia na kansa nyingine. Soma hapo, hata karibu nazo, sio lazima uzimwagie mwilini.

Nisieleweke vibaya dada nesi, sikwambii kimbia wodi. Nimekaa huko miaka mingi na naipenda. Nakwambia usikubali glavu pea moja.

---

kabati_la_famasia

Nimerudi. Sista kamaliza hoja ya mzee, sasa kazi yako dada.

Watu wanafikiri hatari ni chupa kupasuka. Hiyo inatokea mara chache na ikitokea kila mtu anaiona, anaita wenzake, inafutwa. Kinachowala watu ni kile kisichoonekana. Tulifanyishwa mafunzo fulani, badala ya dawa wanaweka maji yenye rangi inayong'aa chini ya taa ya UV, unachanganya kama kawaida yako, unatundika, unavua glavu, unasema hapa nimefanya safi kabisa. Halafu wanazima taa za chumba wanawasha hiyo ya UV. Yaani aibu. Mkono wa gauni una madoa, nguzo ya dripu, kishikio cha mlango, kalamu, na mwenzetu mmoja alikutwa nayo kwenye kioo cha simu. Ni kama umeshika masizi gizani, kila unapogusa umeacha alama na wewe mwenyewe huna habari. Kemo nyingi hazina harufu wala rangi ya kukustua, vinkristini na paklitakseli ni kama maji tu.

Kwenye kuunganisha. Mrija wa dripu ujazwe maji ya chumvi kwanza, au famasia wakuletee mfuko ukiwa umeshaunganishwa na mrija uliojazwa maji ya chumvi. Usitoe hewa kwa kuruhusu dawa yenyewe idondoke kwenye beseni au kwenye pamba, hiyo tabia ipo sana na ndo inachafua sakafu. Kuchoma mfuko, yaani kuingiza ncha ya mrija, kusifanyike ukiwa umetundikwa juu usawa wa uso wako, ukikosea inakumwagikia machoni. Laza mezani juu ya kitambaa chenye plastiki chini, choma hapo, ndo unyanyue. Ikiisha usichomoe mrija kwenye mfuko, tupa vyote pamoja kama vilivyo kwenye pipa la taka za kemo. Na mfuko kutoka famasia uchukulie kwamba nje yake kumechafuka hata kama umefungwa vizuri, maana hata vichupa vinavyotoka kiwandani vimewahi kupimwa vikakutwa na mabaki ya dawa kwa nje.

Macho usiyafanyie mchezo. Vinblastini ikiingia jichoni inaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, imeandikwa mpaka kwenye maelezo ya dawa yenyewe. Ikitokea hukimbilii kwa daktari kwanza, unakimbilia bomba, unaosha kwa maji mengi dakika 15 angalau, kama una lensi toa, halafu ndo unaripoti na kuonwa. Ngozi ni sabuni na maji hapohapo. Jeli ya pombe haitoi dawa, inaisambaza tu, na watu wanaipenda kwa sababu ipo ukutani karibu.

Kingine ambacho hakihusu afya yako ila kwa kuwa uko mgeni nitasema: vinkristini ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa bahati mbaya inaua, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 kwamba iwekwe kwenye kimfuko cha dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, ili isifanane na zile dawa za uti wa mgongo. Ukiletewa vinkristini kwenye bomba la sindano rudisha, uliza, gombana ikibidi.

---

dada_wa_usafi

Samahani naingilia mimi sio nesi nafanya usafi wodi kama hiyo. Sisi hatuambiwi chochote tunapewa glavu moja na klorini tunaambiwa piga deki. Nimesoma hapo juu nimeogopa. Kuna siku dripu ilidondoka chini nikafuta kwa deki lilelile nikaendelea nalo koridoni. Je nifanyeje ikitokea tena na je klorini inaua hiyo dawa?

---

kabati_la_famasia

Dada wa usafi hapo hukukosea wewe, aliyekosea ni asiyekufundisha, manake mtu wa usafi yumo kwenye kundi linaloguswa sana na hizi dawa na ndo wa mwisho kuitwa kwenye mafunzo.

Ikidondoka tena usiguse deki. Zuia watu wasipite, ita nesi, pale wodini lazima kuwe na boksi la kumwagika dawa, ndani yake kuna glavu nene, gauni, miwani, barakoa na pedi za kunyonya. Vaa kwanza ndo usogee. Pedi inawekwa juu taratibu isiruke, ikishanyonya unafuta kutoka pembeni kwenda katikati ili usilitandaze dimbwi. Vioo vikiwepo vinachotwa kwa kijikoleo, sio kwa vidole hata kama umevaa glavu mbili. Kisha sabuni na maji zaidi ya mara moja. Kila ulichotumia kinaingia mfuko wa taka za kemo, hakirudi kwenye ndoo.

Klorini inavunja baadhi ya hizi dawa, sio zote, na hakuna maji ya aina moja yanayozimaliza zote. Kwa hiyo usimwage klorini ukaondoka ukijua kazi imeisha, kinachokusaidia zaidi ni kuinyonya yote na kuiosha kwa sabuni. Na hilo deki la koridoni, ndio, ukifanya hivyo unakuwa umeisafirisha dawa.

---

mzee_wa_hoja

haya nimekubali kidogo. ila hizo barakoa mbona kila mtu anavaa za upasuaji, zinasaidia au ni urembo

---

kabati_la_famasia

Ya upasuaji ni karibu na urembo mzee wangu, kwenye hili. Inazuia mate yako yasimfikie mgonjwa, haichuji vile vitone vidogo vya dawa kwa sababu pembeni kuko wazi. N95, ile barakoa inayobana uso, inachuja vitone na vumbi lakini mvuke haizuii. Ndo maana sisi hatutegemei barakoa, tunategemea kabati linalovuta hewa ndani kwenda kwenye chujio. Na liwe la aina hiyo, kuna mengine yanapuliza hewa kuelekea kwa anayefanya kazi, yale yanalinda dawa isiingie vijidudu na wewe ndo unakuwa chujio.

Vitone vinatokeaje? Ukiingiza hewa nyingi kwenye kichupa kinakuwa na presha, ukichomoa sindano inapiga pssst ndogo ambayo huioni wala huisikii. Paklitakseli inakera zaidi kwa sababu ina mafuta na pombe ndani, nzito, inatoa povu, mtu anakosa subira anasukuma kwa nguvu.

---

anayemuuguza_mama

Nimefika hapa kwa kutafuta jambo jingine kabisa ila naona ndo penyewe. Mama yangu amepewa etoposidi za kapsuli anywee nyumbani, kumeza kunamshinda, nikawa nawaza nifungue kapsuli nimchanganyie kwenye kinywaji. Pili nafua nguo zake mwenyewe na nina mtoto anatambaa. Je tumtenge bibi? Maana mtoto anamng'ang'ania sana bibi yake

---

sista_mkongwe

Pole na kuuguza mwanangu. Usimtenge mama, tafadhali. Kumkumbatia, kulala naye kitanda kimoja, mjukuu kukaa mapajani, hakuna shida, dawa haitoki kwa kugusana hivyo. Inayotoka ni ya kwenye mkojo, kinyesi, matapishi, na jasho jingi lililolowesha shuka.

Kapsuli usifungue, usikate, usisage. Ndani yake etoposidi ni majimaji na ukiitoboa unaimwaga mikononi mwako na kwenye chombo mnachotumia wote. Kama kumeza kumeshindikana mpigie daktari wake leo, wana njia nyingine za kumpa, hiyo sio ya kubuni nyumbani. Unapompa vaa glavu au mimina kwenye kifuniko umpe aweke mdomoni mwenyewe, na kopo likae juu mbali na huyo anayetambaa.

Chooni, siku ambazo anakunywa dawa na saa 48 baada ya dozi ya mwisho ndo muda wa kuwa makini, na kama hospitali yake imemwambia muda mrefu zaidi fuata hiyo. Etoposidi kiasi kikubwa kinatoka kwa mkojo, kama nusu hivi. Akikojoa akae, afunike, avute maji mara mbili. Nguo zilizochafuka usiziache kwenye beseni la nguo za mtoto, weka mfuko wake, shika na glavu, fua peke yake, halafu fua tena. Glavu ukivua nawa mikono kwa sabuni. Kama unanyonyesha au una mimba mtafute mtu mwingine wa kumwaga hayo.

---

kabati_la_famasia

Naongezea kidogo kwa manesi hapo kwenye mkojo. Wengi wetu tumekaririshwa mkojo mkojo, wakati hizi za mimea kadhaa zinatoka zaidi kwa kinyesi. Vinkristini kama asilimia 80 inapitia nyongo na kutoka na kinyesi, dositakseli nayo kama robo tatu huko huko, mkojoni kidogo tu. Kwa hiyo nesi anayevaa glavu mbili kumwaga chupa ya mkojo halafu anabadili nepi ya mgonjwa kwa glavu moja, kageuza mambo.

---

nesi_wa_zamu

Nimesoma yote, nashukuru sana wadau. Swali langu la mwisho ni lile la mtoto. Nikiomba kuhamishwa nitaonekana mvivu, tena ndo kwanza nimefika. Je nikivaa kila kitu vizuri naweza kuendelea wakati tunatafuta? na je mume wangu anaathirika kwa chochote?

---

sista_mkongwe

Ukweli ni kwamba hakuna kipimo cha chini ambacho mtu amekithibitisha akasema hapa ni salama kwa mimba. Vifaa vinapunguza sana, havifuti. Shida ni kwamba zile wiki za hatari kabisa ni za mwanzoni, wakati wewe mwenyewe hujajua kama umeshika mimba. Ndo maana sehemu nyingi utaratibu unasema anayetafuta mimba, mwenye mimba na anayenyonyesha apewe nafasi ya kuomba kazi nyingine asishike kemo, na haki hiyo ni ya wanaume pia wanaotaka kuzaa kwa sababu seli zinazotengeneza mbegu nazo zinagawanyika kila siku. Mumeo yeye haathiriki kwa wewe kufanya kazi huko kama unavua nguo za kazi kulekule na kunawa kabla ya kurudi.

Kuhama wodi sio lazima. Omba ubaki hapohapo, ila kutundika kemo na kumwaga uchafu wa hao wagonjwa kufanywe na mwingine kwa kipindi hicho, wewe uchukue kupokea wagonjwa, kutoa damu, kutoa dawa za kichefuchefu, kufundisha ndugu zao. Kazi haikosekani wodi ya kansa. Andika barua, usiombe kwa mdomo, mdomo unasahaulika zamu ikibadilika. Na mvivu akuite, utamlea wewe huyo mtoto sio yeye.

---

mzee_wa_hoja

sista umeongea. ila mimi bado nasema hospitali nyingine hata hayo magauni hakuna, sasa huyo nesi afanye nini, agome?

---

sista_mkongwe

Hapo umeuliza la maana. Asigome, wagonjwa watakufa. Apange kwa umuhimu. Kama kuna bajeti ya kitu kimoja basi ni kuchanganya kufanyike sehemu moja, na mtu aliyefundishwa, sio kila nesi kwenye meza ya wodi pembeni ya chai. Halafu glavu. Halafu gauni lisilopitisha maji, hata kama ni moja moja kwa zamu. Kula na kunywa kwenye chumba cha dawa kukomeshwe leo, hilo halihitaji bajeti. Bomba la sindano liwe la kuskurubu, lisijazwe zaidi ya robo tatu, hilo nalo gharama yake ni ndogo. Na kila aliyejichoma au kumwagikiwa aandikwe, manake bila kumbukumbu wakubwa watasema huku kwetu halijawahi kutokea.

---

nesi_wa_zamu

Barua nitaandika wiki hii. Na hizo glavu mbili nibadilishe kila baada ya muda gani? na ipi inakaa ndani ya mkono wa gauni?

---

kabati_la_famasia

Ya ndani inaingia chini ya mkono wa gauni, ya nje inapanda juu yake, ili pasibaki ngozi wazi kifundoni. Ziwe zile zilizopimwa kwa kemo, kwenye boksi inaandikwa D6978 (namba ya hicho kipimo), bila poda, kwa sababu poda inashika dawa na kuipeperusha. Badilisha kila dakika 30, au palepale ikitoboka au ikimwagikiwa. Ukimaliza kutundika vua ya nje kwanza ukiigeuza ndani nje, hapohapo kitandani, iingie pipa la kemo, halafu gauni, ya ndani mwisho. Usishike pazia wala kalamu wala simu kabla ya hapo. Na mwenzako yule mpe hii posti asome, asipoisoma nipe mimi namba yake tuje na taa ya UV tumpige picha mikono.

---

dada_wa_usafi

Na mimi nije? Nataka kuona deki langu

---

kabati_la_famasia

Wewe ndo wa kwanza. Lete na ndoo.